Kifungua Mimba: Maana na Matumizi ya Jina la Mtoto wa Kwanza

Kifungua mimba ni mtoto wa kwanza kuzaliwa na mama. Jina hilo hutumika sawasawa kwa mtoto wa kiume na wa kike, na kinyume chake ni kitinda mimba, yaani mtoto wa mwisho. Yapo maneno mengine yanayokaribiana nalo: mwanambee, mzaliwa wa kwanza, mtoto wa kwanza na mtoto mkubwa. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hupokezana bila matata, kwa kuwa katika nyumba nyingi yote humwangukia mtu mmoja. Matata huanza pale nyumba inapokuwa na mama zaidi ya mmoja, pale mtoto wa kwanza anapofariki, au pale mali ya marehemu inapofika mezani kugawanywa. Hapo ndipo inapoonekana kuwa kila neno lina kipimo chake.

Umbo la neno

Kifungua mimba ni nomino ambatani iliyoundwa kwa kiambishi ki-, kitenzi fungua na nomino mimba. Kiswahili kimeunda majina kadhaa kwa mtindo huo huo: kifungua kinywa ni chakula cha kwanza cha siku, na kifungua mlango ni zawadi au malipo yanayotangulia kabla ya mtu kuruhusiwa kuingia. Katika yote, kitu cha kwanza huitwa kwa kazi yake ya kufungua yale yatakayofuata. Mtoto wa kwanza basi ametajwa kwa kile alichokitenda kwa mama yake: amefungua njia ya uzazi, na wadogo zake watapita humo.

Kitenzi hicho hicho kimo katika neno kujifungua, ambalo ni lugha ya adabu ya kuzaa. Mama hujifungua kila anapozaa, awe amezaa mara moja au mara nane. Kifungua mimba ni mmoja tu, naye hapatikani tena baada ya hapo.

Upande wa pili, kitinda mimba limejengwa kwa kitenzi tinda, ambacho katika lahaja za kaskazini ya pwani, Kimvita kikiwemo, kina maana ya kukata au kuchinja. Mtoto wa mwisho ndiye aliyekata uzazi. Wapo wanaosema kifunga mimba, na hapo jozi ya funga na fungua hutokea waziwazi. Mziwanda na kiziwanda pia ni majina ya mtoto wa mwisho.

Kisarufi, neno lina umbo la ngeli ya KI-VI lakini upatanisho wake ni wa viumbe wenye uhai. Husemwa kifungua mimba wangu amefaulu, wala si kifungua mimba changu kimefaulu. Katika wingi husemwa vifungua mimba wao wamefika. Huandikwa kwa maneno mawili au kwa neno moja, na maandishi yote mawili yamezoeleka. Jinsia ikihitajika hutajwa kando: kifungua mimba wa kike, kifungua mimba wa kiume.

Maneno jirani

Mwanambee ni mwana wa mbele. Katika lahaja za kaskazini sauti l hudondoka katika maneno kama mbele, na kubaki mbee. Leo neno hili linasikika zaidi Kenya, katika shule, magazeti na matangazo, kuliko Tanzania bara. Maana yake ni ile ile ya kifungua mimba, ila halitaji mimba, na kwa hiyo humkalia vizuri zaidi baba anayemzungumzia mtoto wake.

Mzaliwa wa kwanza ni msemo wa maandiko. Umeenezwa na tafsiri za Biblia, na kwa Wakristo wengi una uzito wa ibada ambao mtoto wa kwanza hana. Vijana wa mijini hutamka fastiboni na lastiboni, maneno ya mkopo yasiyo na siri yoyote.

Mtoto mkubwa ni neno la aina nyingine. Ukubwa ni wa kulinganisha: mkubwa ni mkubwa kwa wengine waliopo. Kifungua mimba akifariki, cheo cha mtoto mkubwa hushuka kwa anayemfuata, lakini jina la kifungua mimba halishuki. Mama aliyempoteza mtoto wa kwanza akiulizwa kuhusu mwanawe wa pili atasema kwamba sasa huyu ndiye mkubwa. Hatasema kwamba huyu ndiye kifungua mimba wake, kwa sababu mimba yake ilikwisha kufunguliwa na mwingine.

Mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili kina sura yake, ukubwa ndio unaobeba karibu kazi yote ya udugu. Mtu humtaja ndugu yake kwa kusema mukubwa wangu au mudogo wangu kabla hata ya kueleza kama ni wa kiume au wa kike. Tanzania na Kenya hutangulia kaka na dada, kisha ukubwa huongezwa palipo na haja: kaka mkubwa, dada mkubwa.

Ukubwa huo huvuka kizazi. Kaka yake baba huitwa baba mkubwa akiwa amemzidi baba umri, na baba mdogo akiwa amezidiwa. Dada zake mama nao ni mama wakubwa na mama wadogo kwa hesabu hiyo hiyo. Kipimo hapa ni mzazi wa anayesema, wala si umri wa msemaji mwenyewe, ndiyo maana mtu mzima anaweza kuwa na baba mdogo aliye kijana kuliko yeye. Hutokea pia kwamba watoto wa kifungua mimba wa kiume hawana baba mkubwa wa tumbo lile. Kwa upande huo wana baba wadogo tu. Nafasi ya mzazi katika mfuatano wa kuzaliwa hubaki katika midomo ya watoto wake maisha yao yote.

Tumbo na nyumba

Tofauti kubwa iliyofichika katika maneno haya ni ya kipimo. Kifungua mimba hupimwa kwa mama. Mtoto wa kwanza anaweza kupimwa kwa mama au kwa baba. Mtoto mkubwa hupimwa kwa waliopo nyumbani. Kiswahili kimelitunza jambo hili katika misemo ya udugu: wapo ndugu wa tumbo moja, wa toka nitoke, na wapo ndugu wa baba mmoja.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi vipimo vinavyoachana. Mume ana wake wawili. Mke wa kwanza, bi mkubwa, alizaa binti mwaka 1990, kisha mwana wa kiume mwaka 1996. Bi mdogo alizaa mwana wa kiume mmoja, mwaka 1993. Nyumba hiyo ina vifungua mimba wawili: binti wa 1990 na kijana wa 1993. Mtoto mkubwa wa baba ni mmoja, binti wa 1990. Mwana wa kiume wa kwanza wa baba ni kijana wa 1993. Kijana wa 1996 si kifungua mimba wala mkubwa wa yeyote, lakini ndiye mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, na sifa hiyo, kama itakavyoonekana katika suala la urithi, imewahi kupewa uzito kuliko zote.

Upande wa hospitali kipimo ni tumbo pekee. Kadi ya mama mjamzito huulizia mimba hii ni ya ngapi, mama amezaa mara ngapi, mimba ngapi zimeharibika, na watoto wangapi wako hai. Maswali ni mengi kwa sababu majibu yake hayafanani. Mama ambaye mimba yake ya kwanza iliharibika katika mwezi wa tatu, kisha akazaa mtoto aliyefariki mchanga, akija na mimba nyingine ataandikiwa mimba ya tatu, kuzaa mara moja, kuharibika mara moja, na watoto hai hakuna. Katika lugha ya nyumbani kifungua mimba wake ni yule aliyefariki. Mtoto anayetarajiwa atakuwa mkubwa wa nyumba.

Mimba ya kwanza huangaliwa kwa makini zaidi kwa sababu zinazojulikana. Uchungu wake kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko wa mimba zinazofuata. Shinikizo la damu linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba huwapata zaidi wanawake walio katika mimba ya kwanza. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mimba ya kwanza pia ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa vimelea vinavyojificha kwenye kondo la nyuma vinahitaji kinga ya aina yake, na mwili wa mama huijenga kinga hiyo kadiri mimba zinavyoongezeka. Desturi ya jamii nyingi za Afrika Mashariki ya kumrudisha binti kwao akajifungulie mtoto wa kwanza chini ya uangalizi wa mama yake, na kukaa huko hadi arobaini itimie, ilitambua ugumu huo kwa njia yake.

Mapacha

Mapacha hulazimisha jamii kuamua nani ametangulia. Jina la pacha wa kwanza mara nyingi ni la kudumu. Kwa Wasukuma, aliyetoka kwanza ni Kulwa na anayefuata ni Doto, na majina hayo yameenea Tanzania nzima hadi kwa familia zisizo za Kisukuma. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Wajaluo humwita wa kwanza Opiyo au Apiyo, jina lenye maana ya wepesi, na wa pili Odongo au Adongo, aliyebaki nyuma. Nchini Burundi mapacha ni Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo. Buganda, wavulana ni Wasswa na Kato, wasichana ni Babirye na Nakato, na wazazi wao hupata heshima ya kuitwa Ssalongo na Nnalongo.

Katika mifano yote hii aliyetoka kwanza ndiye mkubwa. Wayoruba wa Nigeria huhesabu kinyume: Taiwo hutangulia kutoka, lakini Kehinde anayemfuata ndiye mkubwa, kwa imani kwamba amemtuma mdogo wake akaionje dunia kwanza. Hata pale kuzaliwa kunapopishana kwa dakika chache, ukubwa hutolewa na desturi ya watu.

Jina la mzazi

Mtoto wa kwanza humbadilisha mzazi jina. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kongo, mwanamke aliyezaa Asha huacha kuitwa kwa jina lake mtaani na kuwa Mama Asha, na mumewe akawa Baba Asha. Jina linalochukuliwa kwa kawaida ni la mtoto wa kwanza, naye mama huendelea kuitwa hivyo hata akiwa na watoto sita, hata Asha akiwa ameolewa na yuko mbali. Kumwita mzazi kwa jina la mwanawe ni heshima, kwani humwepusha jirani kulitamka bure jina la mtu mzima.

Waarabu wana desturi iliyo karibu na hiyo, kunia, ambayo hutanguliza Abu au Umm. Mtume Muhammad aliitwa Abul Qasim kwa jina la mwanawe Qasim, aliyefariki mdogo.

Jina la mtoto wa kwanza mwenyewe nalo huwa na utaratibu. Kwa Wakikuyu, mwana wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama; binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Kifungua mimba katika mila hiyo hana jina la kuchaguliwa. Lake lilikuwepo kabla hajazaliwa, na anayelibeba huwa na sauti ya babu mbele ya baba yake mwenyewe.

Mzaliwa wa kwanza katika maandiko

Sheria ya Musa ilimtenga mzaliwa wa kwanza wa kiume kuwa wa Mungu, wa binadamu na wa mifugo, na kumtaja kama anayefungua tumbo. Lugha ya Kiebrania na ya Kiswahili zimekutana hapa bila kuazimana. Mtoto wa kiume alipaswa kukombolewa kwa kuhani kwa shekeli 5 za fedha kuanzia umri wa mwezi mmoja, kama ilivyoandikwa katika Hesabu 18. Kumbukumbu la Torati 21 nayo inampa mzaliwa wa kwanza mafungu mawili katika urithi wa baba, na kumkataza baba kumhamishia haki hiyo mwana wa mke anayependwa zaidi.

Amri hizo mbili hazina kipimo kimoja. Ya ukombozi hutazama tumbo la mama. Ya mafungu mawili hutazama mwanzo wa nguvu za baba. Wanasheria wa Kiyahudi waliliona hilo mapema, na Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inayo mafundisho mahususi juu ya wazaliwa wa kwanza. Mwanamume asiye na mtoto akimwoa mwanamke aliyekwisha kuzaa, mwana watakayempata ni wa kwanza katika urithi lakini hakombolewi. Mwanamume mwenye watoto akimwoa mwanamke ambaye hajazaa, mwana wao hukombolewa lakini hana mafungu mawili. Aliyetolewa kwa kupasuliwa tumbo, kwa maoni yaliyoshika nafasi ya kwanza, hakuhesabiwa wa kwanza kwa lolote kati ya hayo.

Masimulizi ya Mwanzo yanaonyesha pia kwamba haki ya mzaliwa wa kwanza inaweza kuhama. Esau aliiuza kwa Yakobo kwa chakula cha dengu. Yakobo alipokuwa mzee aliwabariki wana wa Yusufu kwa kupishanisha mikono, mkono wa kulia ukamwangukia Efraimu aliyekuwa mdogo badala ya Manase. Kutokana na hapo mzaliwa wa kwanza likawa jina la cheo. Waraka kwa Wakolosai unapomwita Kristo mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote, mafundisho ya Kanisa huusoma kwa maana hiyo ya mamlaka.

Urithi

Sheria ya Kiislamu haimpi mtoto wa kwanza fungu la ziada. Sura ya Nisaa imetaja mafungu kwa jinsia na ukaribu wa nasaba, na mfuatano wa kuzaliwa haukuwekewa hesabu. Katika nyumba iliyotajwa juu, ikiwa marehemu ameacha shilingi milioni 40 baada ya mazishi, madeni na wosia, na wazazi wake hawako hai, wajane wawili watashirikiana thumuni, milioni 5, kila mmoja milioni 2.5. Milioni 35 zilizobaki hugawanywa ili kila mwana wa kiume apate mara mbili ya binti: vijana wawili milioni 14 kila mmoja, binti milioni 7. Kijana wa 1993 na wa 1996 wako sawa, na ukubwa wa binti hauongezi wala haupunguzi kitu.

Madhehebu ya Kishia ya Jaafari, yenye wafuasi wa miaka mingi Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, yana tofauti moja. Mwana wa kiume mkubwa aliye hai hupewa vitu vya baba vya mwilini: Kurani yake, pete yake, nguo zake na upanga wake. Haki hiyo huitwa habwa. Mwana huyo huyo ndiye anayebebeshwa jukumu la kulipa sala na saumu zilizompita baba.

Tanzania bara, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, liliandika mila za urithi za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Lilipanga warithi katika daraja tatu. Daraja la kwanza ni la mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, daraja la pili ni la wana wengine wa kiume, na la tatu ni la mabinti. Wa daraja la kwanza hupata fungu kubwa kuliko mwingine yeyote. Kwa hesabu hiyo, kijana wa 1996 humtangulia kaka yake wa 1993 aliye kifungua mimba wa bi mdogo, na humtangulia dada yake wa tumbo moja aliye mkubwa wa wote. Tamko hilo limelaumiwa kwa miaka mingi kwa kumweka binti chini. Sheria za baadaye zimelipunguzia nguvu katika maeneo kadhaa: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi aliyefariki.

Kenya, Sheria ya Urithi iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 haikuweka daraja la mtoto wa kwanza. Kwa marehemu mwenye wake zaidi ya mmoja asiyeacha wosia, na asiye Mwislamu, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane huongezwa kama mtu mmoja zaidi. Milioni 40 za mfano zingekuwa milioni 24 kwa nyumba ya bi mkubwa yenye watu watatu, na milioni 16 kwa nyumba ya bi mdogo yenye wawili.

Mila zenyewe hazikuwa za namna moja. Kwa Wachaga, mwana wa kwanza na wa mwisho ndio walioangaliwa zaidi: wa kwanza hupewa mahali pa kuanzia mapema, wa mwisho hubaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani la wazazi, na kuwatunza uzeeni, na wa katikati huachwa ajitafutie. Kwa Wakikuyu, mkubwa wa nyumba angeweza kuwa muramati, mwangalizi wa ardhi ya ukoo kwa niaba ya wote. Alishika dhamana na hakumiliki peke yake. Waluguru, Wamakonde na Wayao hufuata ukoo wa mama, na huko mtoto wa dada anaweza kumtangulia mtoto wa kuzaa. Ngazija, katika Visiwa vya Komoro, ardhi ya manyahuli hupita kukeni, na binti wa kwanza ndiye anayetazamiwa kwanza katika ndoa kuu na nyumba ya kujengewa.

Kiti cha utawala

Dhana kwamba mwana wa kwanza lazima arithi kiti ilikuwa na nguvu ndogo Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa. Zanzibar ni ushahidi mzuri. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki mwaka 1856. Mwanawe wa kwanza, Hilal, alikwisha kukosana naye na kufariki mwaka 1851. Oman ilishikwa na Thuwaini na Zanzibar ikashikwa na Majid, aliyekuwa mdogo kwa Thuwaini. Ugomvi wao ulimalizwa kwa uamuzi wa Waingereza mwaka 1861, Zanzibar ikatakiwa kuilipa Muscat riale 40,000 kwa mwaka. Baada ya Majid, kiti hakikwenda kwa watoto. Kilikwenda kwa ndugu zake: Barghash mwaka 1870, Khalifa mwaka 1888 na Ali mwaka 1890. Ali alipofariki mwaka 1893, wana wanne wa Seyyid Said walikuwa wamekikalia kiti kimoja Zanzibar kwa kupokezana.

Buganda ilikwenda mbali zaidi. Mwana wa kwanza wa Kabaka, yaani mfalme, huitwa Kiwewa, na kwa mila yeye ndiye asiyeruhusiwa kurithi ufalme. Kazi yake ni kuwasimamia wanawafalme wenzake. Mila hiyo ilivunjwa mwaka 1888, Mwanga II alipoondolewa na Kiwewa, mwana wa Muteesa I, akawekwa mahali pake. Hakumaliza hata miezi mitatu. Alipokataa kutahiriwa, kundi la Waislamu lililokuwa na nguvu kasrini lilimwondoa na kumweka ndugu yake Kalema.

Mzigo wa mkubwa

Misemo ya Kiswahili humweka mkubwa katika hali mbili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: hapo ana haki ya kusikilizwa. Mkubwa ni jalala: hapo hutupiwa kila kitu na hatakiwi kulalamika. Katika familia nyingi za leo maana ya pili ndiyo inayoonekana kwanza. Kifungua mimba akipata kazi, ada za wadogo zake huanza kuhesabiwa katika mshahara wake. Akiwa binti, ulezi wa wadogo humfika kabla ya mshahara wowote.

Wanasaikolojia wamejaribu kupima kama nafasi hiyo humjenga mtu kwa namna ya pekee. Alfred Adler wa Vienna alifundisha tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mtoto wa kwanza huumbwa na hali ya kutangulia kuwa peke yake, kisha kuondolewa katika nafasi hiyo. Utafiti wa Rohrer, Egloff na Schmukle uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha zaidi ya watu 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, haukuona tofauti ya kudumu katika tabia pana za watu kwa mfuatano wa kuzaliwa. Tofauti ndogo ilibaki katika upimaji wa akili. Nchini Norway, Kristensen na Bjerkedal walichunguza kumbukumbu za zaidi ya vijana 240,000 walioitwa jeshini, na mwaka 2007 wakaeleza kwamba waliozaliwa wa kwanza waliwazidi wa pili kwa takriban pointi 2.3. Jambo la maana zaidi katika utafiti huo ni la wale waliozaliwa wa pili ambao kaka au dada yao mkubwa alifariki akiwa mchanga: alama zao zilikuwa kama za waliozaliwa wa kwanza. Kilichohusika kilikuwa nafasi ya kulelewa kama mkubwa, wala si kutangulia tumboni. Kwa maneno ya Kiswahili, tofauti hiyo ilikuwa ya mtoto mkubwa, haikuwa ya kifungua mimba.

Matumizi yanayofaa

Kifungua mimba litumike kwa mtoto wa kwanza wa mama, wa kike au wa kiume, aliye hai au aliyefariki. Pale baba anapokuwa ndiye kipimo, mtoto wa kwanza wa fulani ni wazi zaidi. Pale linapozungumziwa jukumu la nyumbani, neno ni mtoto mkubwa, au kaka mkubwa na dada mkubwa. Mzaliwa wa kwanza lafaa pale maana ya maandiko inapokusudiwa.

Katika wosia, katika muhtasari wa kikao cha ukoo na katika maombi ya usimamizi wa mirathi, hakuna moja kati ya maneno haya linalotosha peke yake. Anayeandika kwamba shamba ni la kifungua mimba wangu, huku ana wake wawili, amewaachia wanawe kesi. Atajwe mtoto kwa jina lake kamili, jina la mama yake na tarehe aliyozaliwa. Heshima ya kifungua mimba imo katika lugha na katika malezi; haki yake ya mali huamuliwa na sheria inayomhusu marehemu.